Kanzu ya Pili: Wito wa Majilio kwa Watu wa Kasese na Bwera

Mwaka 2016, Jumapili ya kwanza ya Majilio iliangukia tarehe 27 Novemba. Mtu wa Kasese hahitaji kukumbushwa yaliyotokea siku hiyo. Mapigano yalikuwa yameanza Jumamosi, na Jumapili mchana majeshi ya serikali yakaivamia ikulu ya Omusinga (mfalme) wa Rwenzururu, Charles Wesley Mumbere, pale Buhikira mjini. Waliokufa katika siku hizo mbili walipita 100, wakiwemo askari polisi, walinzi wa ikulu na raia. Omusinga alikamatwa, na mashtaka dhidi yake hayakuondolewa hadi Juni 2023. Kesi hiyo siifungui hapa. Wako waliofiwa ambao wana haki ya kuisimulia kabla yangu. Ninachotaka tukikumbuke ni tarehe. Wakristo wa miji mingine walikuwa wanawasha mshumaa wa kwanza wa Majilio, na mji wetu ulikuwa unahesabu maiti.

Miaka 5 baadaye, Jumanne ya tarehe 30 Novemba 2021, tena katika wiki ya kwanza ya Majilio, majeshi ya Uganda na Congo yalianza kuzipiga kambi za waasi wa ADF ng'ambo ya mpaka kwa ndege na mizinga. Operesheni hiyo ikaitwa Shujaa. Kwa hiyo msimu huu, ambao kwingine ni wa nyimbo na mapambo, kwetu umezoea kuja na mshindo.

Mtu akisimama mimbarini mwezi huu na kutangaza kwamba Mungu yu karibu na maskini, ajue anasema na nani. Anasema na watu ambao mto Nyamwamba uliwapitia nyumbani Mei 2013, ukarudi Mei 2014, kisha Mei 2020 ukafurika pamoja na mito mingine ya wilaya, ukachukua nyumba na madaraja na kuiharibu vibaya hospitali ya Kilembe. Anasema na familia zilizohamia kambi ya Muhokya baada ya mafuriko hayo zikidhani ni kwa majuma machache, zikakaa miaka. Anasema na wazazi wa Mpondwe, pale mpakani, waliopoteza watoto usiku wa tarehe 16 Juni 2023 katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, walipouawa watu zaidi ya 40, na 37 kati yao wakiwa wanafunzi. Neno la faraja likirushwa kwa watu kama hawa kutoka mbali, huwaumiza.

Na bado ni wao wanaojaza makanisa. Tembea Jumapili asubuhi katika vilima vya Bukonzo uone nani yuko njiani tangu alfajiri: mama mwenye mtoto mgongoni na viatu mkononi, visije vikachafuka kwa tope kabla ya kufika; mzee na fimbo yake; kijana asiye na kazi ambaye ndiye mpiga ngoma wa kwaya. Wenye magari huja baadaye na kukaa mbele.

Wito wangu, basi, hauwaendei maskini ili waongeze imani. Imani wanayo, na mara nyingi imezidi yetu. Wanaposema kwamba Nyamuhanga, kama Wakonzo na Wanande wanavyomwita Muumba, hajawasahau, wanasema jambo ambalo sisi wenye mshahara, wenye duka, wenye mizani, wenye muhuri wa ofisi tunaweza kulifanya liaminike au kulifanya mzaha. Nasema na hao, na nafsi yangu imo.

Katika mwaka wa kanisa ambao Injili ya Luka ndiyo inayosomwa, Jumapili ya tatu ya Majilio humleta Yohana Mbatizaji mbele yetu. Ni somo ambalo lingeweza kutokea Mpondwe. Mathayo na Marko wanatuambia alivaa manyoya ya ngamia akala nzige na asali ya mwitu. (Novemba Waganda wako kwenye senene, kwa hiyo habari ya nzige haitushangazi sana kama inavyowashangaza Wazungu.) Luka anatuonyesha jambo jingine. Watu wanamwendea Yohana wakiwa na hofu na kumuuliza la kufanya. Ungetarajia awaamuru wafunge siku 40, au waache kazi zao wamfuate nyikani alikokuwa akiishi mwenyewe. Hakufanya hivyo. Umati kwa jumla aliuambia kwamba aliye na kanzu mbili amgawie asiye nayo, na chakula vivyo hivyo. Watoza ushuru waliokuja kubatizwa aliwataka wasidai kupita kiwango. Askari nao wakauliza, akawaambia wasimtishe mtu wala kumzushia ili kupata chochote, watosheke na malipo yao.

Nguo, ushuru, malipo ya askari. Huyu ndiye mtu aliyetumwa kutangaza kwamba Bwana anakaribia, na akiulizwa kukaribia huko kunatakaje, anataja vitu vinavyobishaniwa kila siku ya soko pale mpakani. Hakuna aliyeambiwa abadili kazi. Kila mmoja alirudishwa pale pale alipotoka, kwenye meza yake, kwenye kizuizi chake, akafanye haki hapo. Mimi naona hili ni gumu kuliko kufunga siku 40, maana ukifunga, jirani yako hatajua; ukiacha kumpunja, atajua siku hiyo hiyo.

Tuanze na kanzu, maana inatuhusu sote. Kwa watu wengi wa Kasese, kanzu ya pili mwezi wa Desemba imo ndani ya kisanduku. Vikundi vya akiba vimeenea vijijini kwetu, na utaratibu wake unajulikana: wanachama hukutana kila wiki, kila mmoja hununua hisa, fedha huingia katika kisanduku cha chuma chenye kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu ili asiwepo wa kukifungua peke yake. Mwanachama hukopa na kurudisha na riba. Mwisho wa mwaka kisanduku hufunguliwa, kila mtu akapewa akiba yake na faida yake, na vikundi vingi hupanga mgao huo ufanyike kabla ya Krismasi. Mama aliyekuwa akiweka shilingi 2,000 kwa wiki siku hiyo hushika zaidi ya 100,000 kwa mkupuo, jambo ambalo huenda halikumtokea mwaka mzima. Kuna nyama, kuna sukari, kuna magauni ya watoto, na aliye na busara huficha ya karo ya Februari mahali ambapo mumewe hatapaona.

Ni siku njema, na sitaki kuiharibu. Nauliza tu nani hayumo kwenye mkeka. Hayumo asiyeweza kupata 2,000 kila wiki: mjane anayelima kibarua katika mashamba ya wengine, bibi anayelea wajukuu, kijana aliyerudi kutoka Kampala akiwa mgonjwa, familia iliyovuka kutoka Kasindi na Beni ikikimbia bunduki. Kisanduku, ambacho kimewainua maelfu ya akina mama, kwa kawaida yake humwacha nje aliye chini kabisa. Halaumiwi mtu kwa hilo. Kikundi hakiwezi kuendeshwa na wasioweka.

Lakini vikundi vingi vina mfuko mwingine pembeni ya akiba, mfuko wa jamii, ambao kila mwanachama huuchangia kidogo kwa ajili ya msiba, ugonjwa au nyumba iliyoungua. Ombi langu la kwanza liko hapo. Mwaka huu, kabla ya mgao, kila kikundi cha Kasese na Bwera kipige kura kutoa sehemu ya mfuko wa jamii kwa nyumba moja ya kijiji ambayo haina mwanachama. Nyumba moja inatosha. Kiasi kiamuliwe na kikao, kiandikwe kwenye daftari kama matumizi mengine, mwekahazina akipeleke pamoja na mashahidi wawili, na simu za kupiga picha zibaki nyumbani. Mwenyekiti wa kijiji (LC1) akitaka kuambatana, karibu, ila asihutubie.

Kwa nini kikundi, na si tajiri wa kijiji? Kwa sababu msaada wa tajiri mmoja humfanya mpokeaji awe mtu wake. Mwaka mmoja kuna kura, mwaka mwingine kuna mgogoro wa mpaka wa shamba, na yule mjane atakumbushwa sukari ya Krismasi. Msaada wa watu 30 ambao nao ni maskini hauna mwenyewe. Na ukiwa umeshafika kwenye nyumba hiyo, umeshaona pa kuketi pakoje na chungu kina nini, kitu kinachofuata hutokea chenyewe: mtu mmoja anapendekeza mama huyu aingizwe kikundini Januari kwa hisa ndogo, mwingine anajitolea kumwekea ya wiki za mwanzo.

Kanzu za kuvaa nazo zipo. Kule juu Kyondo na Ihandiro baridi ya usiku haina utani, na koti ambalo limening'inia kabatini kwako mjini tangu mwaka juzi lina kazi ya kufanya huko. Hili sihitaji kulirefusha.

Wako pia wanaoishika kanzu ya serikali. Mpango wa Maendeleo wa Parokia, ambao kila mtu anauita PDM, ulizinduliwa mwaka 2022, na unaahidi mkopo nafuu wa shilingi milioni 1 kwa kaya, hasa kaya ambazo bado zinalima kwa ajili ya kula tu. Ndugu mjumbe wa kamati, unajua nani katika parokia yako analima kwa ajili ya kula tu. Unajua pia majina yaliyoko juu ya orodha. Kama majina hayo hayafanani na watu hao, Majilio ni wakati mzuri wa kuiandika orodha upya, tena bila mtu kuombwa ya soda ili jina lake lisogee.

Sasa ushuru. Watoza ushuru wa siku za Yohana walikuwa wenyeji, watu wa damu moja na wale waliowatoza, na hilo ndilo lililowachoma watu zaidi. Mpondwe pia ni hivyo. Mpaka uliochorwa na wakoloni ulimweka Mkonzo huku na Mnande kule, lakini wanaelewana wakiongea, wanaoleana, wanazikana. Afisa, wakala wa forodha, mbeba mizigo na mama anayevuka na beseni la samaki kichwani huenda wana bibi mmoja. Tangu mwaka 2022 Congo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na makaratasi ya Arusha yanasema biashara iwe nyepesi. Mama wa beseni atajua kama yanasema kweli atakapofika kwenye kizuizi.

Tupige hesabu yake. Tuseme mtaji wake ni shilingi 50,000, nao ameukopa kutoka kile kisanduku. Akiuza vizuri anabaki na faida ya 5,000. Noti moja ya 1,000 inayochukuliwa njiani bila risiti ni sehemu ya tano ya faida yake, na riba ya kikundi bado inamsubiri. Anayeichukua anaona ni chai. Simtuhumu mtu yeyote, na wapo maafisa wanaosimama kwenye jua kutwa nzima wakifanya kazi yao kwa haki. Hao waniwie radhi na wasome aya inayofuata. Ninachoomba ni vitu viwili vidogo. Viwango vya ushuru wa bidhaa za wachuuzi wadogo vibandikwe mahali pa wazi, kwa Kiswahili na Lhukonzo, kwa maandishi ambayo mtu wa darasa la 4 anaweza kuyasoma. Na kila shilingi inayotolewa ipate risiti. Wachuuzi nasi tuna upande wetu: anayepita njia za panya usiku ili akwepe kiwango halali asije akalia kwamba sheria haimlindi.

Ushuru, hata hivyo, hautozwi mpakani peke yake. Mnunuzi wa kahawa ana mizani, na mizani hiyo ni kizuizi cha barabarani. Kuna mkulima ambaye karo au ugonjwa humkuta kahawa ikiwa bado maua, akamuuzia mlanguzi shamba likiwa bado linanukia, kwa bei ambayo wote wawili wanajua si bei. Mavuno yakifika, mti ni wake na matunda ni ya mwingine. Kinga ya hilo ipo na haikutoka nje: ushirika wa Bukonzo Joint, wenye makao Kyarumba, ulianza kama chama cha akiba na mikopo, akina mama wakiwa wengi kati ya wanachama wake, ukaja kuwa muuzaji wa kahawa ya arabika hadi ng'ambo. Wameutumia mtindo wa michoro ambao humkalisha mume na mke mbele ya karatasi moja wachore mapato yao na nani anayatumia. Nimesikia wanaume wakiulalamikia mtindo huo, na hiyo kwangu ni dalili kwamba unafanya kazi.

Na nyinyi wenye mabasi na teksi. Kila Desemba nauli ya kutoka Kampala kuja Kasese hupanda, na anayeumia si yule mwenye gari lake. Ni kijakazi anayerudi kwao mara moja kwa mwaka na zawadi ya sabuni kwenye mfuko wa plastiki. Mafuta yakipanda, nauli ipande, hilo tunalielewa. Krismasi si mafuta.

Upande wa askari nitaenda polepole, kwa sababu mambo ya bunduki kwetu hayasemwi haraka. Baada ya Juni 2023 hakuna mtu wa Mpondwe anayeweza kusema hahitaji askari. Wanalala kwenye mvua ili sisi tulale ndani, na wengi wao ni watoto wa maskini kutoka wilaya nyingine, nao Krismasi hawataiona nyumbani. Yohana hakuwafukuza askari mtoni. Aliwapa neno lao, sawasawa na wengine. Afande uliyeko kwenye kizuizi, kijana wa bodaboda asiye na karatasi kamili apewe adhabu iliyoandikwa, asipewe hofu. Mwenye kuuza ndizi usiku asiambiwe ni mpelelezi ili aache mkungu. Nasi raia tusisahau kwamba askari anayetakiwa kutosheka na malipo yake lazima alipwe, tena kwa wakati. Hilo ni neno kwa Kampala, na halikuhitaji nabii.

Kuna swali ambalo limekuwa likinisubiri tangu nianze kuandika, na msomaji wa Mpondwe ameshaliuliza. Mungu aliye karibu na maskini alikuwa wapi usiku ule wa Lhubiriha? Wavulana waliungua ndani ya bweni. Baadhi ya wazazi ilibidi watoe sampuli za vinasaba ili wajue mtoto wao ni yupi. Shule iko karibu kabisa na mpaka, na ulinzi uliokuwa ukitarajiwa haukufika kwa wakati.

Sina jibu la swali hilo, na wanaolijibu upesi nawaogopa. Katika kitabu cha Ayubu, rafiki zake watatu walifanya jambo moja tu jema: walikaa chini naye siku 7 bila kusema neno. Walipoanza kueleza ndipo walipokosea. Basi na tukae. Mwanzoni mwa Desemba shule hufungwa, na watoto hurudi nyumbani na masanduku ya bati, magodoro yamefungwa kamba juu ya bodaboda, majirani wanatoka kuwapokea. Katika baadhi ya nyumba za Mpondwe wiki hiyo ndiyo ngumu kuliko zote, kupita hata Juni yenyewe. Wewe unayezifahamu nyumba hizo, nenda wiki hiyo. Chukua maharagwe, kaa, mwache mama aseme jina la mwanawe mara nyingi anavyotaka. Usimwambie kwamba Mungu alimpenda zaidi. Serikali nayo ikumbuke kwamba uchunguzi ambao wazazi waliahidiwa bado wanausubiri mioyoni hata kama majalada yamefungwa.

Tumewahi kufanya vizuri, na inafaa tujikumbushe. Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka. Mtoto wa miaka 5 aliyetoka Congo na familia yake alifikishwa hospitali ya Kagando, kisha akapelekwa kituo cha kutenga wagonjwa Bwera, akafia huko. Bibi yake na mdogo wake nao hawakupona. Walikuwa wageni waliokuja na hatari, na mji ungeweza kuwakimbia. Wauguzi wakavaa mavazi yale mazito kwenye joto la Bwera na kuwahudumia. Wapimaji wakaendelea kupima joto la maelfu ya watu mpakani na kuwanawisha mikono, wahudumu wa afya wa vijiji wakapita nyumba hadi nyumba, na ugonjwa ule haukuambukizwa kwa mtu mwingine ndani ya Uganda. Sijui kama wauguzi wale waliwaza habari za Majilio, ilikuwa Juni. Lakini mgeni maskini alikufa akiwa ameshikwa na mikono ya watu.

Neno kwa maaskofu, mapadre, wachungaji na makatekista. Papa Fransisko alipokuja Uganda Novemba 2015, baada ya Misa ya Namugongo alikwenda Nalukolongo kwenye nyumba ya wahitaji iliyoanzishwa na Kardinali Emmanuel Nsubuga. Asubuhi yake, Jumapili ya kwanza ya Majilio, akaruka kwenda Bangui, mji uliokuwa katika vita, na akafungua huko mlango mtakatifu wa Mwaka wa Huruma kabla hajaufungua ule wa Roma. Siku ya Maskini Duniani aliyoianzisha, ambayo iliadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2017, imewekwa Jumapili mbili kabla ya Majilio. Mpangilio huo unanipendeza: unapita kwanza kwa maskini, ndipo unaingia Majilio.

Basi Jimbo Katoliki la Kasese na Dayosisi ya South Rwenzori ya Kanisa la Uganda zisichelee kuhamisha ibada. Jumapili moja ya Majilio iadhimishwe Muhokya, pamoja na waliohamishwa na maji. Nyingine iwe Mpondwe, karibu na ile shule. Kanisa kuu halitakasirika likikaa kimya asubuhi moja. Na sadaka ya Krismasi isitangazwe kwa majina na viwango. Ninajua kwa nini hufanywa: bati ni ghali na paa linavuja. Lakini Luka anasimulia kwamba Yosefu na Maria walipompeleka mtoto hekaluni walitoa sadaka ya ndege wawili, ile ambayo torati ilimruhusu asiyeweza kununua mwana-kondoo. Katika makanisa yetu kadhaa, sadaka hiyo ingesomwa mwisho kabisa, au isingesomwa.

Wasabato, ambao ni wengi katika vilima hivi na hawana msimu wa Majilio katika kalenda yao, na Waislamu wa Kasese na Bwera, ambao zaka kwao ni nguzo, hawahitaji mahubiri yangu. Naomba tu tushirikiane katika orodha ya wahitaji. Mara nyingi nyumba moja hupelekewa sukari na makundi matatu, na ya jirani yake haijapelekewa hata na moja. Viongozi wa dini wa kata moja wakikutana saa moja chini ya mwembe na majina mkononi, hilo linakwisha.

Anayeisoma habari hii akiwa Kampala, Nairobi au London na ana ndugu huku, simu moja inatosha kuuliza kikundi cha mama yako kinagawana lini. Walioko hapa wanajua tarehe. Hoja ya mfuko wa jamii itolewe mwanzoni kabisa mwa kikao, kabla wenye funguo hawajasogea mbele, maana kisanduku kikishafunguliwa kila mtu atakuwa ameshaipigia hesabu nyama yake, na hutapata kura hata moja.